Tusimsubiri mjamzito mlangoni mwa kliniki

Juma hili, ndugu msomaji, nataka tuyachambue maneno matatu ambayo hutamkwa kila siku katika kliniki zetu za wajawazito, lakini ambayo wengi wetu, hasa sisi akina baba, hatujui yametoka wapi wala yanatupeleka wapi. Maneno yenyewe ni "vidokezo vya hatari".

Mwanamke anapofika kliniki kwa mara ya kwanza, muuguzi humfungulia kadi. Humwuliza umri wake, na kama hii ni mimba yake ya kwanza au ya sita. Humpima urefu, uzito, shinikizo la damu na wingi wa damu. Mwenye umri chini ya miaka 20 au zaidi ya 35, mwenye kimo cha chini ya sentimita 150, mwenye mimba ya tano na kuendelea, aliyewahi kujifungua kwa kupasuliwa, aliyewahi kuzaa mtoto mfu, mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo: hao huwekewa alama. Maana ya alama hiyo ni kwamba mama huyu asijifungulie nyumbani kwa hali yoyote. Wengi wao huambiwa waipite hata zahanati ya kijiji na kwenda moja kwa moja hospitalini, mahali penye daktari, chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza.

Utaratibu huo ni mzuri na umeokoa maisha. Lakini una maswali mawili ambayo kadi haiwezi kuyajibu. Yule ambaye hakufika kliniki, nani anamwekea alama? Na yule aliyekwisha kuwekewa alama, nani anahakikisha kwamba siku ikifika atafikishwa hospitalini?

Nimeamua kuyajibu maswali hayo kwa kuutazama Mkoa wa Songwe, na hasa mji wa Tunduma. Songwe ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa, wilayani Mbozi. Wilaya zake nyingine ni Momba, Ileje na Songwe yenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.3, na kati yao zaidi ya 200,000 walikuwa wakazi wa Tunduma.

Sababu ya kuuchagua mkoa huo ni tarakimu moja. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika mwaka 2022 uliwauliza wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 kama wamewahi kupata mimba. Kwa Tanzania nzima, asilimia 22 walijibu ndiyo. Kwa Songwe ilikuwa asilimia 45, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Kwa lugha ya sokoni, ukikutana na wasichana kumi wa umri huo katika mkoa huo, wanne au watano ama wamekwisha kuzaa au wamewahi kubeba mimba.

Tazama sasa matokeo yake. Ukiifuata kadi neno kwa neno, wasichana wote hao wana kidokezo cha hatari, kwa umri wao peke yake. Na hatari hiyo si ya kubuni. Nyonga ya msichana wa miaka 15 haijamaliza kukua, na mtoto anaweza kushindwa kupita. Ndiyo hali ambayo wauguzi huiita uzazi pingamizi. Akikaa na uchungu siku mbili tatu bila msaada, mtoto hufa, na mama akipona huenda akabaki na fistula, yaani mkojo au choo kumtoka bila kujizuia. Aidha, kifafa cha mimba huwapata zaidi walio katika mimba ya kwanza. Na upungufu wa damu, ambao ni wa kawaida kwa wasichana, hufanya damu kidogo inayopotea iwe msiba.

Lakini orodha ikiwa ndefu kiasi hicho, itamsaidia nani? Hospitali haziwezi kuwalaza wote kwa wiki mbili tatu wakisubiri uchungu. Hapo ndipo inapofaa tukumbuke somo ambalo majirani zetu walilipata miaka mingi iliyopita.

Katika miaka ya 1970, wataalamu wa afya duniani waliamini kwamba dawa ya vifo vya uzazi ni kuwachambua wajawazito mapema, kuwatenga walio katika hatari, na kuelekeza nguvu kwao. Mradi mmoja wa afya huko Kasongo, mashariki ya nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire na leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliliweka wazo hilo katika mizani. Walifuatilia wanawake waliowekewa alama kwamba huenda wakapata uzazi pingamizi, wakawalinganisha na wale walioambiwa hawana tatizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984. Zaidi ya asilimia 90 ya waliowekewa alama hawakupata tatizo hilo. Na kati ya wale waliopatwa nalo, asilimia 71 hawakuwa wamewekewa alama yoyote.

Maana yake ni nini? Si kwamba kadi ni uongo. Aliyepasuliwa mimba iliyopita ni lazima aende hospitali, na mwenye shinikizo la juu ni lazima afuatiliwe. Maana yake ni kwamba huwezi kuutazama umati wa wajawazito ukajua kwa hakika nani atakayetokwa na damu. Mama mwenye miaka 26, mwenye afya na mimba yake ya pili, aliyeambiwa kila kitu ni kizuri, anaweza kuvuja damu nusu saa baada ya kumpokea mtoto wake. Ndiyo maana leo mashirika ya afya duniani yanasema kwamba kila mimba ina hatari, na kila mjamzito anastahili mkunga mwenye ujuzi na njia ya kufika hospitali haraka.

Na haraka yenyewe ni ya namna gani? Hapa nawaomba akina baba wasome taratibu. Wataalamu wamekadiria muda wa wastani kuanzia tatizo linapojitokeza hadi kifo, kama msaada haukupatikana. Mwenye kuvuja damu baada ya kujifungua, saa 2. Mwenye kuvuja damu kabla ya kujifungua, saa 12. Mwenye kifafa cha mimba, siku 2. Mwenye uzazi pingamizi, siku 3. Mwenye maambukizi baada ya uzazi, siku 6. Saa 2 ni muda wa kwenda kutafuta ndugu mwenye gari, kumkuta hayupo, na kurudi.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika makala ambayo mpaka leo inafundishwa katika vyuo vya afya. Walisema mama hufa kwa sababu ya kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwamba msaada utafutwe, kuchelewa kufika penye msaada, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Tuzichukue hizo tatu, tuzipeleke Tunduma.

Tunduma ni lango. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA hupita hapo. Ng'ambo ya mpaka uko mji wa Nakonde, na Wanyamwanga wako pande zote mbili wakisalimiana kwa lugha moja. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni. Mwaka 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha huduma kwa pamoja mpakani hapo, ili malori yapite upesi. Panapokuwa na foleni na fedha, watu huja: wauza nafaka, wabadilisha fedha, mama lishe, wahudumu wa baa na wa nyumba za wageni, na wasichana wa kazi za nyumbani waliotoka vijijini Momba, Ileje na hata mikoa ya mbali.

Kijijini, mimba haifichiki. Shangazi anaiona, jirani anaiona, mkunga wa jadi anaijua kabla ya mwenyewe kusema. Lakini msichana aliyepanga chumba kimoja Tunduma, aliyefika miezi mitatu iliyopita, ambaye baba wa mtoto ni dereva aliyekwishavuka mpaka, huyo hana shangazi. Akiumwa kichwa cha ajabu usiku na kuona maluweluwe, ambazo ni dalili za kifafa cha mimba, hakuna wa kumwambia kwamba hayo si malaria wala si mapepo. Kuchelewa kwa kwanza kumekwisha kuanza, na hakuna aliyekuona.

Tena huyo ndiye ambaye hayumo katika orodha. Kwa mujibu wa utafiti ule ule wa mwaka 2022, ni karibu theluthi moja tu ya wajawazito nchini waliofika kliniki katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa wengi walifika baadaye. Kwa nini wanachelewa? Sababu ni nyingi, lakini nitazitaja tatu ambazo ziko katika uwezo wetu kuziondoa.

Ya kwanza ni ile desturi ya baadhi ya vituo kumtaka mjamzito aje na mwenzi wake siku ya kwanza, ili wapimwe virusi vya UKIMWI pamoja. Nia ni njema kabisa, kwani mama anayegundulika mapema na kuanza dawa anaweza kumzaa mtoto asiye na virusi. Lakini asiye na mwenzi hurudishwa akatafute barua ya mwenyekiti wa mtaa. Msichana aliyekimbiwa ataanzaje kumweleza mwenyekiti asiyemjua kwamba aliyempa mimba haonekani? Anakaa nyumbani mpaka mwezi wa saba. Utaratibu uliowekwa kumlinda unageuka kuwa ukuta.

Ya pili ni hofu ya sheria. Tangu mwaka 2016 sheria yetu inatoa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Sina ugomvi na sheria hiyo. Lakini familia iliyokubaliana kimya kimya na mwanamume, kwa mbuzi au kwa ng'ombe, haitampeleka binti kliniki atakakoulizwa shule anayosoma na jina la baba wa mtoto. Atafichwa. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi shuleni, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini binti hawezi kurudi shuleni kama amekufa kwa kufichwa. Kliniki isigeuzwe kituo cha polisi. Kwanza apimwe shinikizo na damu, apewe vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria. Mambo ya mahakama yana watu wake, na yatafuata kwa njia zake.

Ya tatu ni mzigo wa vifaa. Tunatangaza kwamba huduma ya uzazi ni bure, kisha mama anaambiwa aje na glavu, pamba, wembe, kibana kitovu, mpira wa kulalia na kanga. Kwa mfanyakazi wa nyumbani hiyo ni mishahara ya miezi. Anaona aibu kwenda mikono mitupu, na aibu imeua wengi.

Kuchelewa kwa pili ni njia. Tunduma mjini si mbali na huduma, lakini tatizo kubwa likitokea huenda safari ikawa ya Vwawa kwenye hospitali ya mkoa, au Mbeya kwenye hospitali ya wazazi ya Meta, yapata kilomita 100, katika barabara ile ile ya malori. Na huko Momba, katika vijiji vya bonde la Ziwa Rukwa, mvua zikianza kilomita 30 zinakuwa safari ya nusu siku.

Hapa haki inanidai nisifu panapostahili. Mwezi Aprili 2022, huko Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kwa nchi nzima mpango wa m-mama, ambao ulianza kwa majaribio katika Kanda ya Ziwa. Kwa kupiga namba 115 bila malipo, simu hupokelewa na kituo ambacho hupima uzito wa tatizo na kutafuta gari la wagonjwa. Kama gari liko mbali, huitwa dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyekwisha kusajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama au mtoto mchanga. Uzuri wa mpango huu ni kwamba haumngojei mama awe na nauli, wala haungojei gari jipya linunuliwe kutoka ng'ambo. Unatumia gari ambalo tayari lipo mtaani.

Na kwa ujumla nchi imepiga hatua. Waliojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 81 mwaka 2022. Vifo vya uzazi, kwa mujibu wa tafiti hizo hizo, vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yalikuwa ya juu zaidi, 238 kwa mwaka 2020, kwa kuwa hesabu zao hufanywa kwa njia nyingine. Tusigombane juu ya tarakimu. Zote zinaonyesha kwamba tumetoka mbali, na zote zinaonyesha kwamba bado tunazika.

Lakini gari la 115 haliwezi kumfuata mama ambaye hakuna aliyepiga simu. Ndiyo maana nasema kazi iliyobaki ni ya miguu. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwafikia zaidi ya 137,000 nchi nzima katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Hawa ndio wanaoweza kuigeuza orodha: badala ya kumngoja mjamzito mlangoni mwa kliniki, wamfuate mlangoni mwake.

Kwa mji kama Tunduma, mlango huo si wa nyumba ya baba, mama na watoto peke yake. Ni mlango wa baa saa nne asubuhi, kabla wateja hawajaja. Ni uwanja wa nyuma wa nyumba ya wageni ambako wasichana hufua mashuka. Ni soko la nafaka. Ni chumba cha uani cha msichana wa kazi, ambako mhudumu anatakiwa azungumze na tajiri wake kwa hekima ili binti aruhusiwe saa mbili za kwenda kliniki. Na kwa kuwa mpaka wa Nakonde ni wa kuvuka kwa miguu, anayeanza kliniki upande mmoja na kujifungulia upande mwingine aambiwe mapema jambo moja rahisi: asiitupe kadi yake, atembee nayo.

Mhudumu akimpata, asimpe hotuba. Amsaidie kujibu maswali matano. Utajifungulia wapi? Nani atakusindikiza? Utafikaje usiku wa manane, na je, namba 115 unayo? Nani atakuchangia damu ikihitajika? Nani atabaki na watoto? Kwa aliye mbali na mwenye kidokezo kizito, kama kovu la upasuaji, swali la sita ni kama anaweza kusogea karibu na hospitali wiki mbili tatu kabla, kwa ndugu au katika nyumba ya kusubiria kujifungua ambapo ipo. Na mhudumu arudi tena katika siku mbili za kwanza baada ya mtoto kuzaliwa, maana watu wengi hudhani hatari imekwisha mtoto akilia, kumbe kwa mama ndiyo kwanza imeanza.

Kuchelewa kwa tatu, kule kwa ndani ya hospitali, nakugusa kwa sentensi chache tu. Haina maana kumhimiza mama awahi kama atafika na kukuta mkunga mmoja anahudumia wanane, au jokofu la damu tupu. Anayewahimiza wananchi waje, ndiye huyo huyo anayepaswa kuhakikisha kwamba wakija wanahudumiwa. Na sisi tusiokuwa wauguzi, damu iliyomo katika jokofu hilo hutoka mikononi mwetu.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Tunduma imepona kwa wageni: biashara yake yote imejengwa na waliokuja. Basi hata yule msichana mgeni wa chumba cha uani, asiyejulikana kwa mwenyekiti wala kwa kliniki, ana haki ya kugongewa mlango na kuulizwa hali. Ukikaa nyumba moja na mjamzito wa namna hiyo, iwe Tunduma, iwe Manzese au Mwanjelwa, usimwulize baba wa mtoto ni nani. Mwulize kama amekwisha kwenda kliniki, kisha mwandikie namba 115 ukutani.

Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.